Michael Wood: Daktari mkulima aliyejua redio inunuliwe kwa kazi gani

MALI bila daftari huisha bila habari. Mfanyabiashara yeyote wa Wasso anaijua methali hii, awe anauza ng'ombe mnadani, dawa za mifugo dukani au sukari na majani ya chai kibandani. Siku hizi wengi wameongeza simu ya kiganjani juu ya daftari, na wachache wameongeza kompyuta. Swali ambalo hatujiulizi vya kutosha ni hili: chombo hicho tumekinunua kifanye kazi gani?

Nilipoanza kazi ya kushauri vikundi vya wafugaji, nilikisaidia kikundi kimoja kuandika andiko la kuomba mkopo wa kompyuta. Mkopo ukatoka. Mwaka mmoja baadaye nilirudi nikaikuta kompyuta imefunikwa kitenge, ina vumbi, na katibu anaandika mauzo kwenye daftari lile lile la zamani. Marejesho ya mkopo yalikuwa yanaendelea kulipwa kila mwezi. Nililisoma tena lile andiko langu. Katika kurasa zote zile hapakuwa na sentensi moja inayoeleza kompyuta itampunguzia nani kazi gani. Kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatafuta watu waliowahi kulipatia jambo hili katika mazingira yetu, yaani mbali na lami na mbali na nguzo za umeme. Mmoja wao ni Sir Michael Wood, daktari wa upasuaji na mkulima, aliyefariki dunia mwaka 1987. Wengi wanamkumbuka kama mmoja wa waanzilishi wa Flying Doctors, yaani Madaktari Warukao, na shirika la AMREF. Wachache wanajua kwamba alikuwa na shamba la ngano Kaskazini mwa Tanzania, na kwamba kazi yake ya mwisho aliifanya kwa ajili ya wakulima wadogo na wafugaji.

Kutoka London hadi Ol Molog

Wood alizaliwa Uingereza karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akasomea udaktari London. Mkewe, Susan, alizaliwa Kongo katika familia ya wamisionari, hivyo Afrika haikuwa ngeni katika nyumba yao. Baada ya Vita ya Pili walihamia Kenya, na Wood akaanza kazi ya upasuaji Nairobi.

Katika miaka ya 1950 alirudi Uingereza kwa muda kujifunza upasuaji wa kurekebisha viungo na ngozi. Mwalimu wake alikuwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliyejipatia sifa wakati wa vita kwa kuwatibu marubani walioungua moto. Wood aliporejea Afrika Mashariki alikuwa karibu peke yake mwenye ujuzi huo katika eneo lote la Kenya, Uganda na Tanganyika.

Nje ya hospitali alikuwa mkulima. Yeye na Susan walipata shamba Ol Molog, kwenye miteremko ya Kilimanjaro upande wa Magharibi, eneo ambalo leo ni kata ya Olmolog wilayani Longido. Hapo walilima ngano. Kati ya shamba hilo na vyumba vya upasuaji vya Nairobi kulikuwa na safari ndefu ya barabara mbovu, na Wood, aliyejifunza kurusha ndege akiwa tayari ni mtu mzima, aliifupisha kwa ndege ndogo.

Wakati huo huo yeye na mkewe walijiunga na chama cha Capricorn, kilichotaka Waafrika, Wazungu na Waasia wa nchi hizi wajenge jamii moja isiyo na ubaguzi wa rangi. Chama hicho hakikufika mbali, kwani upepo wa uhuru ulikuwa umeshaanza kuvuma. Lakini kilimzoesha Wood kukaa na watu wa kila aina na kuuliza wanataka nini kabla ya kuwaletea kitu.

Hesabu iliyofanyika chini ya Kilimanjaro

Wazo la Madaktari Warukao lilizaliwa katikati ya miaka ya 1950 huko huko kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Waliokutana walikuwa watatu: Wood, McIndoe, na Tom Rees, daktari wa upasuaji kutoka New York. Mwaka 1957 shirika likaundwa rasmi, makao yake yakiwa Nairobi.

Kwa sisi wachumi, la kuangalia ni namna walivyoliweka tatizo lao. Wagonjwa walikuwa wengi vijijini: watoto walioanguka kwenye moto wa kuni, waliozaliwa na mdomo uliopasuka, watu waliojeruhiwa na wanyama, wenye mikono iliyokunjamana kwa ukoma. Hospitali ndogo zilikuwepo, nyingi za misheni, zenye muuguzi au daktari mmoja. Kilichokosekana huko vijijini ni mtaalamu, na mtaalamu alikuwa Nairobi akipoteza siku nzima barabarani kila akitoka. Kilichokuwa adimu kuliko vyote, basi, ni saa za daktari bingwa.

Ukishajua kilicho adimu, unajua chombo cha kununua. Ndege ililetwa ili daktari aache kupoteza siku barabarani. Aliondoka asubuhi, akafika hospitali ya mbali baada ya saa moja au mbili, akawakuta wagonjwa wamekusanywa, akawafanyia upasuaji kwa zamu, akamwelekeza daktari wa pale namna ya kuendelea nao, kisha akaenda kituo kinachofuata. Gharama ya ndege ilikuwa kubwa, lakini ilipogawanywa kwa idadi ya wagonjwa waliopona bila kusafirishwa, hesabu ilikubali.

Ndege bila habari ni hasara

Hesabu hiyo ilikuwa na tundu moja. Ndege inaweza kuruka mwendo wote huo na kukuta wagonjwa hawajakusanywa, au daktari wa pale amesafiri, au kiwanja kimejaa maji ya mvua na pundamilia. Na mgonjwa mahututi anaweza kufa wiki nzima kabla barua haijafika Nairobi. Ndege ilitatua tatizo la mwendo tu. Tatizo la habari lilibaki pale pale.

Jibu la tatizo hilo lilikuwa limeshajaribiwa Australia. Huko mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1928, na mwaka uliofuata fundi Alfred Traeger akaleta redio ya kuchochewa kwa miguu. Mkulima aliyekaa mbali na kila kitu alikanyaga pedeli kama za baiskeli, umeme ukapatikana, akazungumza na daktari. Australia ilikuwa imethibitisha kwamba ndege na redio ni kama jembe na mpini wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, AMREF ilianza kujenga mtandao wake wa redio ya upepo, ile ambayo wengi wetu tunaiita redio koli. Mitambo yake haikuwa ya kutisha. Betri kama ya gari, waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili, na sanduku la redio mezani. Mawimbi yake hupanda juu angani, yakagonga tabaka la juu na kurudi ardhini mbali sana, ndiyo maana milima na misitu haikuyazuia. Nairobi palikuwa na kituo kikuu kilichosikiliza, na hospitali za mbali zilipewa saa za kuita.

Msomaji wa Wasso ataelewa haraka maana ya kitu hicho. Hospitali yetu ya Wasso ilianzishwa miaka ya 1960 na Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria, ambaye baadaye alianzisha pia ile ya Endulen. Wazee wanakumbuka hospitali za aina hiyo zilivyofanya kazi wakati ambapo kwenda Arusha msimu wa masika kulikuwa ni kubahatisha. Kwa daktari aliye peke yake mahali kama hapo, sauti ya mwenzake kila asubuhi ilikuwa na thamani kuliko mashine yoyote ya gharama.

Faida kubwa ya redio ilitokea mahali ambapo mtu asingetarajia. Pamoja na kuita ndege, redio ilisaidia kuamua ndege isiruke. Muuguzi alieleza hali ya mgonjwa, daktari wa Nairobi akauliza maswali, akatoa ushauri, na mara nyingi mgonjwa akatibiwa pale pale. Mazungumzo ya dakika chache yaliokoa mafuta ya saa kadhaa za kuruka. Redio hiyo hiyo ikatumika kuagiza dawa, kupanga orodha ya wagonjwa kabla ya ziara ya bingwa, na kuuliza kama kiwanja kimekauka. Kufikia miaka ya 1980 mtandao huo ulikuwa na vituo zaidi ya 100.

Katika lugha ya leo, hiyo ilikuwa teknolojia ya habari na mawasiliano, au teknohama, iliyofungamanishwa na mpango wa shirika. Wood alianza na kazi ya shirika, kisha akatafuta mahali ambapo kazi hiyo inakwama, na redio ikawekwa hapo. Ikapewa saa zake, mtu wake wa kuisikiliza, fundi wake na bajeti ya betri.

Lengo lilipopanuka

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Ndege ni chombo ghali, na fedha nyingi zilitoka kwa wahisani wa Ulaya na Marekani. Wood alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akisafiri kuchangisha, mbali na chumba cha upasuaji na mbali na shamba. Shirika linalotegemea mifuko ya watu wa mbali halilali usingizi mzito, na wenye vikundi vinavyoishi kwa ufadhili wanalijua hilo.

Lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa jingine. Mtoto aliyeokolewa kwa ndege alirudishwa kijiji kile kile, akanywa maji yale yale machafu, akalala karibu na moto ule ule usiozungushiwa kitu. Daktari angeweza kuruka maisha yake yote na foleni isipungue. Wood na wenzake waliliona hilo, na ni hapa ninapomheshimu zaidi. Mtu aliyejenga jina lake kwa ndege angeweza kuendelea kununua ndege tu.

Badala yake shirika lilipanua lengo lake, na lengo lilipobadilika vyombo navyo vikabadilika. Kliniki za magari zilipelekwa kwa wafugaji wa Kimasai Kusini mwa Kenya. Wahudumu wa afya wa vijijini wakaanza kufundishwa, na kwa kuwa hawawezi wote kufika Nairobi, vitabu vya mafunzo vilichapishwa na kupelekwa walipo. Kwa kazi ya kumfundisha mganga msaidizi aliye peke yake kwenye zahanati, kitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi kilifaa kuliko ndege, na kilikuwa rahisi mara nyingi zaidi. Mwaka 1978 mkutano wa dunia uliofanyika Alma-Ata ulipotangaza afya ya msingi kuwa njia ya kufuata, AMREF ilikuwa imeshaanza kutembea katika njia hiyo.

Ndege na redio hazikutupwa. Zilibaki kwenye kazi yake, dharura na ziara za mabingwa, na zikaacha kuwa jibu la kila swali. Hata leo Madaktari Warukao ni kampuni inayomilikiwa na shirika hilo, sasa likiitwa Amref Health Africa, na mapato yake ya kusafirisha wagonjwa wanaolipa husaidia kazi nyingine za shirika.

Susan naye alikuwa na jicho hilo hilo. Mwaka 1975 alianzisha Nairobi karakana ndogo ya shanga za udongo iitwayo Kazuri, akianza na wanawake wawili waliohitaji kipato. Hapo pia alianza na watu na soko, na tanuri zikaongezwa kadiri kazi ilivyokua.

Kuanza upya akiwa na miaka zaidi ya 60

Mwaka 1985 Wood alipewa na Uingereza heshima ya kuitwa Sir. Mwaka huo huo aliondoka kwenye uongozi wa AMREF. Wengine wangerudi nyumbani kupumzika. Yeye, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alianzisha pamoja na David Campbell shirika jipya liitwalo FARM-Africa.

Kilichomsukuma ni njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 na 1985, iliyoonyeshwa kwenye televisheni za dunia nzima. Ndege za misaada zilikuwa zinashusha chakula, na mtu aliyetumia maisha yake kwenye ndege alijua fika kwamba ndege haiwezi kulisha nchi. Baada ya miaka mingi ya kutibu, alikuwa ameona ni wagonjwa wangapi wanaanza kuugua kwa kukosa chakula. Aliona dawa ya kudumu iko kwa mkulima mdogo na mfugaji mwenyewe: mbegu inayostahimili, mnyama anayefaa mahali pakavu, na utaalamu unaofika kijijini.

Hakuishi kuyaona matunda. Alifariki mwaka 1987, miaka miwili tu baada ya kuanza. Lakini shirika liliendelea. Lilifanya kazi ya ngamia na wafugaji wa Kaskazini mwa Kenya, na ya mbuzi wa maziwa na wakulima wa Ethiopia na wa Meru nchini Kenya. Kwa jirani zetu wa Babati na Mbulu lilijulikana kwa kazi ya kuhifadhi msitu wa Nou pamoja na vijiji vinavyouzunguka, na baadaye kwa kilimo cha ufuta.

Funzo kwa Wasso na Karatu

Maisha ya Wood yanamwachia mfanyabiashara mdogo maswali manne, na yanapaswa kuulizwa kwa mpangilio huu. Kwanza, kazi yetu hasa ni nini? Pili, kazi hiyo inakwama wapi? Tatu, ni chombo gani kinafungua mahali hapo, na kuna kilicho rahisi zaidi? Nne, nani atakitunza kila siku, na kwa fedha ipi? Wengi wetu huanza na swali la tatu, na wengine huishia hapo.

Tuchukue mfano wa wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu. Mkulima anaweza kuwa na simu nzuri na kujua bei ya Arusha ya asubuhi hiyo hiyo. Lakini kama mnunuzi anajaza gunia kwa mtindo wa lumbesa, bei ya gunia haina maana, kwa sababu gunia lenyewe halina kipimo. Hapo kazi inakwama kwenye mizani. Simu inakuja baadaye, wakati kilo imeshakuwa kilo.

Mfano wa pili ni wa muuza mifugo wa huku kwetu. Akijua kwamba bei imepanda mnada wa mbali, anahitaji pia kujua kama gari litapatikana, kama vibali viko tayari na kama kuna zuio la ugonjwa njiani. Bei peke yake ni kama ndege ya Wood kabla ya redio. Inaweza kukufikisha sokoni na ukarudi na hasara.

Kikundi cha tatu ni wenye vikundi vya kuweka na kukopa. Kama wanachama ni 30 na kila kitu kinaingia kwenye daftari moja linaloeleweka, kompyuta inaweza kusubiri. Wakifika 300, na katibu akawa anatumia siku mbili kila mwezi kujumlisha hisa na marejesho, kazi imekwama mahali panapoonekana. Kompyuta inunuliwe, lakini pamoja nayo itengwe fedha ya umeme, ya mafunzo kwa watu wawili na siyo mmoja, na ya fundi. Wood asingeweka redio hospitali ambayo haina mtu wa kuisikiliza.

Namalizia na kile kikundi cha kompyuta iliyofunikwa kitenge. Niliwaomba radhi, tukakaa chini ya mti, tukaanza upya na swali la kwanza. Kazi yao ni kuuza ng'ombe kwa bei nzuri. Ilikuwa inakwama wapi? Mzee mmoja alisema bila kusita kwamba inakwama kwenye macho. Mnunuzi anakadiria uzito kwa macho, muuzaji anakadiria kwa macho, na macho ya mnunuzi ndiyo yaliyozoea zaidi.

Kompyuta iliuzwa kwa bei ya hasara. Wakanunua utepe wa kupimia kifua cha ng'ombe, ule unaokadiria uzito kwa kilo, ambao unakunjwa na kuingia mfukoni. Sasa kila ng'ombe anapimwa kabla ya kwenda mnadani, uzito unaandikwa kwenye daftari, na simu inapigwa kuuliza bei ya kilo. Mkopo bado hawajaumaliza.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo anayefanya kazi zake Wasso, wilayani Ngorongoro.